Kura Huru Huanzia Ghalani

Hotuba kwa wanamageuzi na waumini, Isiolo



Mnamo Desemba 1991 kifungu cha 2A kilifutwa, tukarudishiwa haki ya kuchagua chama. Katiba ya 2010, katika Kifungu cha 43, ikatupa haki ya kutokuwa na njaa. Hata hivyo, mwenye kungoja gunia la msaada hajawa huru mbele ya sanduku la kura. Agawaye mahindi leo, kesho huyahesabu kuwa deni.

Tusikubali kuambiwa kwamba watu wa Isiolo hawajui kujilisha. Vita vya Shifta, vya 1963 hadi 1967, viliangamiza mifugo na kuziacha familia nyingi mikono mitupu. Katika miaka iliyofuata, wafugaji walishika jembe katika mashamba ya umwagiliaji kandokando ya Ewaso Ng'iro, huko Merti na Malka Daka. Nao akina mama wamejua tangu zamani kukausha nyama na kuihifadhi katika mafuta, kufukiza vibuyu vya maziwa kwa moshi, na kutengeneza samli. Huo ni ujuzi, tuurithishe vijana.

Wahenga walisema akiba haiozi. Lakini huoza ikiwekwa vibaya. Mwaka 2004 mahindi yaliyoota kuvu yaliua watu 125 Ukambani na maeneo jirani. Basi tufundishane jambo hili: tia mahindi na chumvi kavu katika chupa ya kioo iliyo kavu, utikise, uache kidogo. Chumvi ikigandama kwenye kioo, mahindi bado yana unyevu. Yarudishe juani, juu ya turubai, si juu ya udongo. Majani ya kunde nayo yachemshwe kidogo, yakaushwe kivulini, yatunzwe kwa siku za kiangazi. Tangu mwishoni mwa 2020 hadi mwisho wa 2022 misimu mitano ya mvua ilitupita. Tunajua kiangazi ni nini.

Kujilisha si kuisamehe serikali wajibu wake. Kilimo ni kazi ya kaunti. Tudai maafisa wa kilimo, mifereji iliyokarabatiwa na maghala, tukidai kama wenye haki, si kama waombaji.

Kila kanisa, kila msikiti na kila kikundi cha akina mama kianze na bustani moja na ghala moja. Mwenye chakula chake humsikiliza mgombea kwa masikio, si kwa tumbo.