Kabla ya Foleni: Maandalizi ya Mwanafunzi Mpya kwa Ushauri wa Masomo na Usajili wa Yuniti katika Chuo Kikuu cha Kibabii

Usajili wa mwanafunzi mpya katika chuo kikuu cha umma nchini Kenya una sehemu mbili zinazochanganywa mara nyingi. Ya kwanza ni kupokelewa: kuonyesha vyeti, kulipa karo, kupewa nambari ya usajili na kitambulisho, kukabidhiwa ufunguo wa chumba. Ya pili ni kusajili yuniti, yaani kuingiza katika potali ya wanafunzi masomo yatakayosomwa muhula huo. Ya kwanza ina foleni, ina makaratasi, ina mzazi aliyeshika bahasha. Ndiyo sababu watu huiandalia. Ya pili huchukua dakika chache mbele ya kompyuta au kwenye simu, na aghalabu mwanafunzi huifanya kwa kumtazama aliye kando yake. Athari zake hudumu miaka minne na zaidi.

Chuo Kikuu cha Kibabii kiko kando ya barabara ya Bungoma kuelekea Chwele. Kilianzishwa mwaka 2011 kikiwa chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Masinde Muliro, kikapewa hati ya kujitegemea Novemba 2015. Mwanafunzi anayetoka Kitale hupitia Kiminini na Webuye hadi mjini Bungoma, kisha hupanda matatu au boda ya kuelekea Chwele. Akifika adhuhuri akiwa na sanduku, godoro na mzazi anayetaka kurudi nyumbani kabla ya jua kuzama, hana tena utulivu wa kufikiri kuhusu masomo. Analotaka ni kumaliza. Kwa hiyo maandalizi ya kweli hufanyika nyumbani, si chuoni.

Mwanafunzi huyu hafiki akiwa na uhuru wa kuchagua kozi yoyote. Tangu Sheria ya Vyuo Vikuu ya mwaka 2012, nafasi hupangwa na KUCCPS, asasi iliyochukua kazi ya Bodi ya Pamoja ya Usajili, JAB. Hupanga kwa kuzingatia alama za KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari, masomo ya kikundi cha kozi na machaguo ya mwombaji mwenyewe. Nchini Marekani mambo ni tofauti. Huko mwanafunzi katika vyuo vingi anaweza kukaa mwaka mmoja au miwili kabla ya kutangaza fani yake, na ushauri wa masomo ulianza kutokana na uhuru huo. Chuo Kikuu cha Johns Hopkins kilikuwa na walimu washauri kuanzia 1877, na Harvard ikaunda bodi ya washauri wa wanafunzi wapya mwaka 1889, wakati masomo ya kuchagua yalipokuwa yameongezeka mno. Huenda mtu akadhani kwamba palipo na uchaguzi mdogo, ushauri nao hauhitajiki sana. Hali ya Kibabii inaonyesha kinyume. Machaguo yakiwa machache, kila moja lina uzito, na nafasi ya kurekebisha kosa ni finyu.

Mfano ulio wazi kabisa ni wa kozi ya ualimu. Barua ya kuitwa chuoni humwambia mwanafunzi kwamba amepata Shahada ya Elimu, ya sanaa au ya sayansi. Masomo mawili atakayofundisha huchaguliwa idarani, katika wiki ya mapokezi. Tume ya Huduma za Walimu, TSC, inapomsajili mwalimu wa sekondari aliyeingia chuo kikuu moja kwa moja kutoka kidato cha nne, hutaka wastani wa C+ katika KCSE pamoja na C+ katika kila somo kati ya hayo mawili. Shahada peke yake haitoshi, hata ikiwa ya daraja la kwanza.

Hebu ichukuliwe karatasi ya matokeo ya mwanafunzi wa kubuni. Wastani wake ni B-. Kiswahili ana B, Dini ana B+, Jografia C+, Historia C. Anaipenda Historia, mwalimu wake wa kidato cha nne alikuwa hodari wa kusimulia. Anafika idarani, anamkuta rafiki aliyesoma naye akijaza Kiswahili na Historia, naye anajaza vivyo hivyo. Atafaulu mitihani yake yote, atakwenda mazoezi ya kufundisha, atahitimu. Lakini fomu ya TSC ikiulizia alama ya Historia katika KCSE, ile C itamfungia mlango. Laiti angechukua Kiswahili na Dini, au Kiswahili na Jografia, asingekuwa na tatizo. Tofauti kati ya njia hizo mbili ni dakika tano za kusoma karatasi aliyokuwa nayo mkononi tangu matokeo yatoke.

Zaidi ya alama kuna suala la shule zenyewe. Gredi ya 10 ya kwanza ya mtaala wa umilisi iliingia sekondari ya juu Januari 2026, ikiwa na njia tatu: sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati; sayansi za jamii; na sanaa na michezo. KCSE ya mwisho ya mfumo wa 8-4-4 inatarajiwa 2027. Anayejisajili sasa kuwa mwalimu atahitimu na kukuta shule zilizopangwa kwa njia hizo, na ni haki yake kumuuliza mshauri jozi yake ya masomo itakaa wapi.

Katika kozi nyingine, kama vile sayansi ya kompyuta au biashara, yuniti za mwaka wa kwanza huwa zimepangwa tayari na machaguo huja baadaye. Hapo kazi ya mwanafunzi ni kuhakikisha kwamba amesajili zote zinazotakiwa, zikiwemo zile za chuo kizima kama stadi za mawasiliano. Msimbo wa yuniti humsaidia: herufi huonyesha idara au kozi, na kwa kawaida tarakimu ya kwanza huonyesha mwaka. Anayeona tarakimu ya kwanza ni 2 wakati yeye ni wa mwaka wa kwanza ana sababu ya kusimama na kuuliza.

Kusajili ni jambo moja, kuhudhuria ni jingine, na hapa ndipo panapozaliwa malalamiko ya alama kukosekana, ambayo yamevisumbua vyuo vikuu vingi vya Kenya. Visababishi ni vingi na baadhi ni vya wahadhiri na ofisi. Lakini kimoja kimo mikononi mwa mwanafunzi: alikaa darasani muhula mzima, akafanya majaribio na mtihani, ila jina lake halikuwa katika orodha ya yuniti kwa sababu hakuibofya kwenye potali, au aliibofya na asihifadhi. Dawa yake ni kuchapisha orodha ya yuniti zilizosajiliwa na kuiweka, au angalau kupiga picha ya ukurasa huo wenye tarehe. Wanaosoma masomo ya vitivo viwili, kwa mfano Hisabati pamoja na Jografia, waitazame pia ratiba mapema, kwani vipindi huweza kugongana, na mgongano unaotajwa wiki ya kwanza husuluhishwa kwa urahisi kuliko ule unaotajwa wiki ya sita.

Kuhama kozi kunawezekana, ila kuna masharti: alama za KCSE zifikie kiwango cha kozi mpya, nafasi iwepo, na maombi yatumwe ndani ya muda uliotangazwa. Kuhamia chuo kingine hupitia KUCCPS. Tena kuna suala la fedha. Chini ya mfumo wa ufadhili uliotangazwa Mei 2023, msaada wa masomo, mkopo wa HELB, bodi ya mikopo ya elimu ya juu, na mchango wa familia hukadiriwa kwa gharama ya kozi na hali ya kaya. Anayehama kozi anaweza kuwa amehama pia kiwango cha kulipa, na hilo ajue kabla ya kutia saini. Familia za wakulima zina ugumu wao wa ziada: wanafunzi wapya wanaporipoti Agosti au Septemba, mahindi mengi ya Trans Nzoia, kaunti ya Kitale, huwa bado shambani. Malipo ya kwanza hayana budi kupangwa bila kutegemea mavuno.

Ya kubeba ni machache: barua ya kuitwa, matokeo ya KCSE na nakala zake, kitambulisho au cheti cha kuzaliwa, picha za pasipoti. Kisichoorodheshwa kwenye barua ni karatasi moja aliyoiandika mwanafunzi mwenyewe. Upande mmoja uwe na masomo yote aliyopata C+ au zaidi; upande wa pili, maswali kwa mshauri. Jozi ipi inakubalika hapa na kwa TSC? Yuniti ipi ni ya lazima na ipi ya hiari? Ni lini siku ya mwisho ya kubadilisha? Nikianguka yuniti, nitairudia lini? Anayefika na maswali yaliyoandikwa hupata majibu hata kwa mhadhiri aliyechoka, na wiki hiyo wahadhiri huchoka kwelikweli.

Shughuli nyingine za wiki ya mapokezi, kama kutembezwa maktabani, kliniki na ofisi ya chama cha wanafunzi, zina faida lakini zinaweza kurudiwa siku yoyote.

Idara za elimu zinaombwa kuambatanisha na barua ya kuitwa chuoni ukurasa mmoja wenye jozi za masomo zinazofundishwa na sharti la C+ kwa herufi nene, uwafikie wanafunzi angalau wiki mbili kabla ya siku ya kuripoti. Siku ya usajili, karani asiingize jozi yoyote kabla ya karatasi ya KCSE kuwekwa mezani.