MALI YAKO IKIHARIBIKA MIKONONI MWA MFANYABIASHARA: FIDIA HUANZA SIKU YA KUKABIDHI

(Mazungumzo yaliyotolewa mbele ya mkutano wa wanachama. Yamenakiliwa hapa ubaoni kwa faida ya waliokosa kuhudhuria.)



Nimepewa kazi ya kuzungumza juu ya jambo linalotugusa sote. Umetuma mzigo kwa basi kutoka Muleba kwenda Mwanza, umefika umepasuka. Umepeleka suti kwa dobi Bukoba mjini, imerudi na alama ya pasi mgongoni. Redio ilikwenda kwa fundi ikiwa haisemi. Imerudi haisemi vilevile, na kasha limevunjika. Ukiuliza unaambiwa, "Pole sana, bahati mbaya." Basi unarudi nyumbani na pole yako. Jamani, pole hailiwi wala haivaliwi.

Kwanza tujue haki ilivyo. Sheria yetu ya Mikataba, Sura ya 345, inasema kwamba mtu aliyekabidhiwa mali ya mwenzake anapaswa kuitunza kama mtu mwenye busara angeitunza mali yake mwenyewe ya namna hiyo. Tena Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inamtaka anayemhudumia mlaji afanye kazi yake kwa uangalifu na ustadi. Kwa hiyo dobi, fundi, mwenye gari na mwenye ghala, wote hao hawatuhurumii wanapolipa. Wanatimiza wajibu.

Lakini haki bila ushahidi ni kama jembe bila mpini. Hapo ndipo tunaposhindwa wengi wetu. Mtu anaanza kutafuta ushahidi baada ya hasara kutokea. Nawaambieni, fidia huanza siku ya kukabidhi. Siku hiyo fanya mambo matatu:

1. Dai stakabadhi iliyoandika ni kitu gani, ni vingapi na kina hali gani. "Mzigo mmoja" haitoshi. Iandikwe, "gunia moja la maharage, kilo 100, zima."

2. Ukaguzi ufanyike mbele yenu wote wawili. Mwenye simu apige picha.

3. Mweleze mpokeaji thamani ya kitu hicho, na kazi inayokitegemea.

Juu ya kuandikwa, mkoa wetu umefundishwa kwa machozi. Tarehe 21 Mei 1996 meli ya MV Bukoba ilizama karibu na Mwanza, ikiwa imetoka Bukoba na kupitia Kemondo. Cheti chake kilikuwa cha abiria 430. Wa daraja la kwanza na la pili walikuwa na orodha. Wa daraja la tatu hawakuwa na orodha. Mpaka leo hakuna awezaye kutaja hesabu kamili ya waliokuwamo. Nasema hili kwa heshima, maana wamo humu waliopoteza ndugu, na roho ya mtu haipimwi kwa gunia. Ila tukumbuke: asiyeandikwa, ndugu zake hubaki na kazi ya kuthibitisha hata kwamba alikuwamo. Na mzigo usioandikwa ni hivyo hivyo.

Juu ya kueleza thamani na kazi ya kitu, ipo kesi ya zamani huko Uingereza, ya mwaka 1854, iitwayo Hadley na Baxendale. Wenye mashine ya kusaga katika mji wa Gloucester walivunjikiwa shafti ya injini. Wakaikabidhi kwa wasafirishaji iende Greenwich, ikawe kielelezo cha kutengenezea nyingine. Wasafirishaji wakachelewa siku kadhaa, na mashine ikasimama muda wote huo. Wenye mashine wakadai faida waliyoikosa. Mahakama ikasema hapana: msafirishaji hakuelezwa kwamba mashine itasimama mpaka shafti irudi. Yeye angejuaje kwamba hamna nyingine ya akiba?

Kanuni hiyo imo katika sheria yetu, kifungu cha 73. Utalipwa hasara inayotokana na kosa kwa kawaida, au ile ambayo nyote wawili mliijua tangu mnapatana. Hasara ya mbali hailipwi. Kwa hiyo ukipeleka shafti ya mashine yako Bukoba, sema wazi mbele ya shahidi: "Hii ndiyo pekee, isiporudi Ijumaa mashine haisagi." Maneno hayo hayagharimu hata senti moja.

Sasa tuje kwenye hesabu, maana neno fidia ya haki lina pande mbili. Tuchukue mfano. Umekodi gari likuletee magunia 10 ya kahawa hapa ghalani. Turubai halikufungwa, mvua imenyesha, magunia 4 yamelowa. Usiyaache yaote ukungu ili dai liwe kubwa! Sheria inaangalia kama ulijitahidi kupunguza hasara. Yaanike siku hiyo hiyo. Tuseme gunia kavu lingekupa Sh. 200,000, na haya manne yameuzwa kwa Sh. 120,000 kila moja. Umepungukiwa Sh. 80,000 mara nne, yaani Sh. 320,000. Ongeza Sh. 30,000 ulizowalipa vibarua wa kuanika. Dai lako ni Sh. 350,000. Si bei ya magunia yote 10. Vilevile baiskeli ya miaka sita hailipwi kama mpya. Anayedai kupita kiasi humpa mwenzake sababu ya kukataa hata kile cha haki.

Baada ya hasara, fuata utaratibu. Usisaini kwamba umepokea mzigo salama kabla hujaufungua. Ukiukuta na kasoro, iandikwe palepale. Kisha peleka barua ya madai: tarehe, kitu, hasara, kiasi, na siku unayotaka ujibiwe. Baki na nakala. Wengi watalipa hapo, maana mfanyabiashara anathamini jina lake. Mwenye basi au gari la mizigo akikataa, malalamiko yaende LATRA, mamlaka ya usafiri wa nchi kavu iliyoanza mwaka 2019. Ya meli yaende TASAC. Dobi au fundi, kaeni kwanza na wazee. Ikishindikana, Mahakama ya Mwanzo ipo, na kesi huko husikilizwa kwa Kiswahili.

Mtu ataniuliza: "Je, tiketi ikiwa imechapwa kwamba kampuni haihusiki na uharibifu?" Ndugu yangu, usikate tamaa kwa mstari mmoja wa wino. Kuchapa maneno hakumwondolei mtu wajibu wa uangalifu kirahisi namna hiyo. Dai, uone.

Namalizia na neno chungu kidogo. Tumesema sana juu ya dobi na mwenye basi. Na sisi je? Mwanachama anapoleta kahawa yake ghalani, chama ndicho kinachokabidhiwa. Paa likivuja, au panya wakitoboa magunia, hatuwezi kumwambia "bahati mbaya" eti kwa sababu sisi ni ushirika. Mzee aliyengoja msimu mzima hana kahawa nyingine. Kwa hiyo naomba mkutano huu ukubali mambo mawili: kila mzigo upimwe na kuandikiwa stakabadhi mbele ya mwenyewe, na paa la ghala lizibwe kabla ya kupokea kahawa ya msimu. Tukianza sisi, tutakuwa na uso wa kuwadai wengine.

Ushirika ni nguvu, na nguvu yenyewe ni kuaminiana kwa maandishi.