Risasi na Rangi ya Mtu

Usiku wa tarehe 3 Oktoba 1974, mjini Memphis, Marekani, polisi alimpiga risasi ya kisogoni Edward Garner, kijana Mweusi wa miaka 15, aliyekuwa akiparamia ua ili atoroke. Alikuwa na mkoba na dola 10 za wizi. Silaha hakuwa nayo, na polisi yule alieleza kwamba alikuwa karibu na hakika ya jambo hilo. Sheria ya jimbo la Tennessee ilimruhusu.

Mtafiti James Fyfe, aliyepata kuwa luteni wa polisi New York, alichambua kumbukumbu za polisi wa Memphis wenyewe. Weusi wasio na silaha, wasiomshambulia mtu, walipigwa risasi kwa kiwango kilichowapita mbali Weupe.

Wapo wasemao kwamba askari akizuiwa kufyatua atauawa yeye. Kisingizio hiki hata makambini mwetu hakikosi wasemaji. Lakini New York ilikaza amri zake mwaka 1972. Fyfe akakuta ufyatuaji umepungua sana, wala askari waliouawa au kujeruhiwa hawakuongezeka.

Hata hivyo, ni mwezi Machi 1985 tu ndipo Mahakama Kuu ya Marekani, kwa kura 6 dhidi ya 3, ilipokataza kumwua mtoro asiye hatari.