Sindano ya Kipandauso
Kipandauso, maradhi yamshikayo mtu aghalabu upande mmoja wa kichwa hata akajifungia gizani, kitambaa cha maji pajini pa uso, asistahimili hata mlio wa kijiko kikombeni, kimepata dawa iliyobuniwa mahsusi kukizuia: kingamwili iitwayo erenumab, iliyoidhinishwa Marekani mwezi Mei 2018, ambayo hudungwa chini ya ngozi mara moja kwa mwezi, ikaziba mahali ipokelewapo CGRP, kemikali ya neva ichocheayo maumivu hayo. Haiponyi, hupunguza siku za mateso, wala si kwa kila mgonjwa. Lakini bei yake, wasikilizaji, ni ghali mno. Kwa hiyo twaziomba serikali ziwasaidie wagonjwa hawa kuimudu, zisiwadhanie kuwa wanadeka, kwani maumivu yao ni ya hakika.