Michezo ya Kompyuta kwa Vipande vya Picha

Wako vijana wengi wanaopenda michezo ya kompyuta, na baadhi yao hutamani kutunga ya kwao. Kinachowakatisha tamaa ni lugha za programu: mistari na mistari ya maandishi yenye maneno ya Kiingereza, na alama moja tu ikikosewa, kazi yote inakwama.

Lakini ipo njia ya kutunga programu kwa picha. Mojawapo ni Scratch, iliyotolewa mwaka 2007 na chuo cha MIT cha Marekani. Haina malipo, ikishawekwa kwenye kompyuta haihitaji intaneti, na Kiswahili kimo miongoni mwa lugha zake. Mtungaji huchukua vipande vya rangi akavipachika kimoja chini ya kingine, kila kipande kikiwa ni amri.

Je, picha hizo zinaondoa haja ya kufikiri? Hata kidogo. Tuseme kijana anatunga mchezo wa kudaka maembe kwa kapu. Anaamuru: embe likigusa kapu, ongeza alama 1, na urudie daima. Anapoujaribu, embe moja linampa alama 30! Kompyuta haikukosea. Embe bado limegusa kapu, nayo inahesabu upya kila inapozunguka. Dawa ni kuamuru embe liondoke mara tu linapodakwa. Amri hiyo haitoki kwenye picha, inatoka kichwani.

Tena, vyombo hivi havidumu milele. Godot, programu ya bure ya kutungia michezo, ilikuwa na njia yake ya picha tangu mwaka 2018. Toleo la 4 la mwaka 2023 likaiondoa, kwa sababu walioitumia walikuwa wachache mno. Aliyezoea kupanga vipande tu, hapo alipotea njia. Aliyeelewa maana ya sharti, mzunguko na hesabu, alihamia kwenye maandishi na elimu yake mkononi.

Basi wazazi na walimu, tusiwacheke vijana wanaoanzia kwenye picha. Tuwaulize swali moja: “Kwa nini kipande hiki umekiweka hapa?” Mwenye jibu amejifunza kazi. Asiye na jibu bado anacheza mchezo wa mwenzake.