Kanzu mpya kila mwaka
Somo: 1 Samweli 1:20-28, 2:18-21

Leo ninasema kwanza na wamama, lakini baba usifunge radio. Hili neno linakuhusu pia.

Wengi wetu tunamjua Hana kwa sababu ya machozi yake kule Shilo. Tunahubiri sana juu ya maombi yake, tunashangilia kuzaliwa kwa Samweli, halafu tunafunga Biblia. Lakini endelea mpaka sura ya 2, mstari wa 19. Utaona kwamba kila mwaka, wakati Hana na Elkana walipopanda kutoa sadaka, mama huyo alimletea mtoto kanzu ndogo aliyomtengenezea mwenyewe.

Fikiri kidogo. Samweli anaishi Shilo, mama anaishi Rama. Anamwona mara moja kwa mwaka. Kanzu ya mwaka jana haifai tena, mikono imekuwa mifupi. Kwa hiyo Hana anaposhona, anajiuliza: mtoto wangu sasa yuko wa namna gani? Hiyo ndiyo kazi ya mama. Mtoto ni yuleyule, lakini kipimo kinabadilika.

Kanzu ya kwanza ni ya mtoto wa kunyonya. Hana alikataa kupanda Shilo mpaka mtoto aachishwe ziwa, na Elkana akakubali. Baba, umesikia? Elkana hakusema, "Wewe umekaa tu nyumbani." Kunyonyesha ni kazi. Wauguzi wanatufundisha kwamba miezi 6 ya kwanza mtoto anatoshwa na maziwa ya mama peke yake, bila maji wala uji. Lakini mama atapata wapi maziwa kama yeye mwenyewe hajala, na bado anabeba mzigo mpaka soko la Kadutu? Furaha ya wakati huu ni kubwa: jino la kwanza, hatua ya kwanza. Uchovu pia ni mkubwa. Mama anayelia usiku kwa sababu ya uchovu hajakosa imani. Anahitaji mtu wa kumpokea mtoto ili alale. Na siku ya kupima kilo na chanjo mpeleke. Chanjo ya surua ya mwezi wa 9 haipingani na maombi.

Kanzu ya pili ni ya mtoto wa shule. Sasa anauliza maswali hata yanakushinda. Anarudi na daftari, anakusomea jina lako, na wewe unasikia moyo unaruka. Masomo ya msingi katika shule za serikali yalianza kuwa bure mwaka 2019, lakini uniforme, viatu na daftari bado vinatafutwa, na wamama wengi wanavitafuta kwa kuuza sambaza na ndizi. Mungu anaona jasho hilo.

Lakini hapa kuna hatari: kumvalisha mtoto kanzu inayompwaya. Binti wa miaka 9 anaamka mbele ya watu wote, anachota maji, anabeba mdogo wake mgongoni, anapika bugali, halafu tunamwita mvivu akisinzia darasani. Kusaidia nyumbani ni malezi mazuri. Lakini kumfanya mama ya wadogo zake ni kumvalisha kanzu yako wewe. Samweli alitumika hekaluni akiwa mtoto, lakini kanzu yake ilikuwa ndogo. Kazi yake ilikuwa na kipimo chake.

Kanzu ya tatu ndiyo inatusumbua zaidi, ni ya kijana. Hapa tunakosea upande wa pili: tunamlazimisha avae kanzu ya zamani, inambana mpaka inapasuka. Kijana wa miaka 15 unamtukana mbele ya majirani kama mtoto wa miaka 5, halafu unashangaa kwamba hakuambii tena kitu. Binti anaona damu kwa mara ya kwanza, mama anaona haya kusema. Basi atafundishwa na nani? Na barabara, na simu, na mwanaume anayempa feza ya kredi. Mama, sema naye wewe, mapema, kwa heshima. Na yule anayekuja na mahari kwa mtoto asiyefika miaka 18, mwambie hapana. Sheria ya nchi yetu ya tarehe 10 Januari 2009 juu ya ulinzi wa mtoto inakataza ndoa hiyo. Umaskini wa nyumba haulipwi na mwili wa mtoto.

Mwangalie Maria katika Luka 2. Yesu ana miaka 12, wamemtafuta siku tatu. Maria aliuliza, akajibiwa, na jibu hakulielewa. Hakupiga kelele kijiji chote kisikie. Aliyaweka yote moyoni. Kuna mambo ya kijana ambayo hutayaelewa leo. Uliza, sikiliza, halafu uyapeleke kwa Mungu.

Tena kumbuka Shilo haikuwa mahali pa malaika. Hofni na Finehasi, wana wa Eli, walikuwa wakifanya uovu mlangoni pa hekalu, na baba yao hakuwazuia. Samweli alikua kati yao. Hana hakuweza kukaa naye kila siku. Hata wewe huwezi kumfuata mtoto wako shuleni, machimboni, mpaka Lubumbashi ao Kampala. Lakini aliomba, na kila mwaka alifika. Mtoto alijua: mama yangu atakuja, na kanzu itanitosha.

Mwisho mtoto anakuwa mtu mzima. Anaoa, anaolewa, ana nyumba yake. Mama, usiende kutawala huko. Maria alisimama karibu na msalaba, na baadaye katika Matendo 1:14 tunamkuta anaomba pamoja na wanafunzi. Mama wa mtu mzima hajafukuzwa kazi. Amebaki na maombi, na shauri akiombwa.

Ninajua kuna mama anayenisikiliza na mikono yake ni mitupu. Umezika mtoto, ao hujazaa, ao vita vimewatawanya na hujui aliko. Sitakupa jibu rahisi. Hana mwenyewe alilia miaka kabla ya kushona kanzu yoyote, na Bwana hakumdharau. Kanisa, msimcheke mama huyo. Mkae naye.

Juma hili, kila mama na kila baba achague saa moja kwa kila mtoto. Zima simu. Muulize: nini kinakufurahisha, nini kinakuogopesha, nini nimekutwika kinachokushinda? Hapo utapata kipimo cha mwaka huu.

Tuombe. Baba wa mbinguni, wape wamama nguvu ya leo, chakula cha leo na hekima ya leo. Wafundishe wababa kubeba pamoja nao. Uwalinde watoto wetu mahali ambapo macho yetu hayafiki. Katika jina la Yesu. Amina.