Kibali Kwanza, Karo Baadaye

Tunachangia kisima cha kijiji. Basi tukilinde pia. Mimi nilijenga nyumbani nikiwa mjini. Bila kibali, fundi akachimba karo upande wa juu wa kisima cha shangazi. Tulilifukia, tukachimba jingine, gharama mara mbili. Kabla ya kuchimba, peleka ramani kwa mtendaji, umwite afisa afya aone mteremko, udongo na visima vya majirani. Tena Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza ujenzi wa kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Kufuatilia kibali kunachosha, lakini maji yakichafuka, mchango wetu umekwenda bure. Karibuni tuchangie.